Kwanza Uniambie Misa ni Saa Ngapi

Kila binti anayenijia kwa ajili ya maua ya harusi huja na simu mkononi. Ananifungulia picha: bukee za mawaridi za Paris, meza za Dubai zilizofunikwa maua hadi kwenye sahani, tao jeupe mbele ya bahari. Ninaziangalia zote bila haraka, kwa sababu picha hunionyesha moyo wake umeelekea wapi, kama anapenda kitu kilichojaa au kitu chepesi, weupe mtupu au rangi zinazochangamka. Tukimaliza ninamuuliza: misa ni saa ngapi? Komini, kwa ndoa ya serikali, mnakwenda siku ileile au mtaitanguliza? Picha mtapigia wapi? Ukumbini mnaingia saa ngapi? Wengi hushangaa. Walidhani nitauliza kwanza rangi ya kitenge cha familia.

Ninauliza saa kwa sababu siku ya harusi Bukavu, mji wetu wa mashariki ya Kongo kando ya Ziwa Kivu, ni ndefu sana. Bibi harusi anaamshwa giza bado lipo, saa kumi na mbili yuko kwa msusi, saa nne anaingia kanisani, na misa yenye kwaya mbili na matoleo ya familia zote haiishi upesi. Kisha kortege, msafara wa harusi, inazunguka mjini na honi zake, wanashuka ziwani kupiga picha, wanapumzika kidogo, na ukumbini wanaingia jua limekwisha kuzama nyuma ya milima. Bukee aliyoitoa nyumbani asubuhi ndiyo ileile atakayokuwa nayo akikata keki usiku. Muda wote huo haina maji. Inashikwa na mikono yenye jasho, inalazwa kwenye kiti cha gari lililoanikwa juani, inapigwa na upepo wa Kivu pale ufukweni. Ua zuri la saa mbili asubuhi linaweza kuwa la kusikitisha saa tisa mchana, na picha zitakazotundikwa ukutani miaka yote ni zile za saa tisa.

Haya nilianza kuyajua kwenye sakristia, chumba cha maandalizi ya misa, nikiwa msichana. Sista mmoja mzee aliyetunza altare ya parokia yetu alinipa kazi ya kubadilisha maji ya maua. Sikumsikia hata siku moja akisema ua hili ni zuri kuliko lile. Yeye alisema, "Hili linafika Jumatano," au "Hili halivuki Jumapili jioni." Nilipomletea shada nililochuma kwa furaha yangu, alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akaniambia: "Mwanangu, uso wa ua hudanganya. Tazama bua." Tangu hapo mkono wangu hutangulia chini. Bua linaloteleza au linalonuka limeshalala ndoo ya mtu kwa siku kadhaa. Waridi ninaliminya taratibu pale petali zinapoungana na bua: likiwa gumu, ni jipya; likibonyea, umri wake umekwenda, hata kama petali za nje zinang'aa. Wauzaji huziondoa petali zilizochoka ili tumba lionekane changa, lakini kitovu cha waridi hakiwezi kufichwa.

Watu wa Bukavu hatujui tulivyobarikiwa. Ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kabare vinapanda juu zaidi. Hakuna baridi ya kuua mmea wala joto la kuuchoma. Kwa hiyo hortensia ya Japani, arumu ya Afrika Kusini, ndege-wa-paradiso, dahlia, vyote vinaota katika uwanja wa nyumba moja kwenye mitaa yetu ya Muhumba au Nguba, na mwezi wowote utakaouchagua kuna kitu kimechanua. Ndiyo maana huniuma ninapoona kamati imetenga fedha nyingi kwa mawaridi yaliyosafiri barabara nzima kutoka Kigali, yakapita msitu wa Nyungwe ndani ya boksi, yakavuka mto Ruzizi mpakani, yakasubiri dukani, na wakati huohuo mama mmoja wa Kabare amekaa pembeni ya barabara na mzigo wa arumu zilizochumwa alfajiri.

Arumu ndiyo ua langu, sifichi. Weupe ule unaouona si petali. Ni jani moja lililojikunja kuzunguka kijiti cha manjano, na maua yenyewe ni yale madogo madogo yaliyokibana kijiti. Linapenda maji, linaota mabondeni na kando ya mifereji, na kwa bukee halina mpinzani kwa uvumilivu. Lakini lazima lichumwe wakati wake. Arumu haifunguki vizuri ikishatoka shambani, kwa hiyo ukiichuma imefumba, itafika kanisani imefumba. Ukiichelewesha, kijiti kinaanza kutoa vumbi la chavua, na vumbi lile likigusa gauni jeupe ni kilio. Mimi nataka ile iliyokwisha kujifungua, ncha yake haijaanza kupinda chini, na kijiti hakina vumbi. Wiki moja kabla ya harusi ninampitia mama ninayenunua kwake, namwachia avansi, malipo ya kutangulia, na tunaongea kwa utulivu.

"Mama, Jumamosi ijayo nina bibi harusi. Nahitaji arumu."

"Za kanisa au za mkono?"

"Za mkono, Mama. Na za altare pia."

"Basi za altare nitakuletea Alhamisi, kubwa. Za mkono nitazichuma Ijumaa jioni, ndogo, zisimchoshe mtoto."

Mama yule hajasoma kitabu chochote cha maua, na katika maneno yake mawili kuna elimu yote. Bukee huwa na uzito. Bua la arumu limejaa maji. Ukifunga arumu kubwa kumi na tano pamoja, mkono wa bibi harusi utashuka taratibu, na kwenye picha utamwona ameishika tumboni, kisha kiunoni, kisha ameining'iniza pembeni. Ninawaomba mabinti washike chupa ya lita moja iliyojaa maji kwa muda wa wimbo mzima wa kwaya. Wakirudi hapo tunaongea ukubwa.

Kitu kingine alichonionyesha mama yule ni kwamba arumu haikatwi kwa kisu shambani. Unashika bua chini kabisa, unalizungusha kidogo na kulivuta, linatoka zima. Nyumbani ndipo unapolikata sawasawa. Maji yake yawe machache, kina cha vidole vinne tu, kwa sababu bua likizama sana linakuwa laini na kuoza, na ncha yake hupasuka na kujikunja. Utepe wa kubandika uliozungushwa mwishoni mwa bua unazuia hilo. Waridi ni kinyume: linataka maji mengi, ndoo ya kina, chumba cha giza na baridi usiku kucha. Nalo ninalikata kwa mshazari, bua likiwa ndani ya maji, ili hewa isiingie na kuziba njia ya kunywea. Majani yote yatakayozama yanatolewa. Ndoo zinaoshwa kabla kwa javeli, dawa ile ya kung'arisha nguo, zinasuuzwa, ndipo ninaweka maji safi yenye sukari kidogo na matone ya limau.

Mawaridi sijayafukuza. Kuna binti ambaye bila waridi jekundu haoni kama ameolewa, na moyo wa mtu siku ile uheshimiwe. Ninachomwambia ni kwamba waridi la mpakani linategemea mpaka. Mwaka 2020, Korona ilipofunga njia, hata harusi zilipoanza kurudi, kuvuka kwenda Rwanda hakukuwa jambo la kawaida, na mabinti wa mwaka ule waliolewa na maua ya vilima vyetu. Picha zao ninazo. Ukizitazama leo, hakuna atakayesema kulikuwa na upungufu: hortensia za buluu zilizojaa mikono miwili, kangaga za msituni, dahlia za rangi ya divai, mafunjo marefu pande zote mbili za mlango wa kanisa. Hortensia zetu ni za buluu kwa sababu udongo wetu mwekundu una uchachu na unaachia aluminiamu ambayo mmea unainywa. Ua lilelile ukilipeleka kwenye udongo wenye chokaa linageuka la pinki. Kwa hiyo binti akiniletea picha ya hortensia ya pinki, ninamwonyesha ile ya kwao uani, na mara nyingi anacheka na kukubali.

Hortensia ina kiu kuliko ua lolote ninalolijua. Inaweza kulegea katikati ya misa. Ila ina zawadi moja: inakunywa hata kwa petali zake. Kichwa kizima kikizamishwa kwenye beseni la maji baridi kwa nusu saa au zaidi, kinainuka tena. Kwa sababu hiyo ninaipenda kwa altare na meza, mahali ambapo chombo cha maji kipo, na kwa mkono ninaiweka tu kama saa za kati ya kanisa na ukumbi zinaruhusu bukee kurudi ndooni.

Kwa upande wa kanisa, waombeni mapadre wenu mapema wawaeleze taratibu. Mwongozo wa Misale ya Kirumi, namba 305, unataka mapambo ya maua yawe ya kiasi, na yawekwe kuzunguka altare kuliko juu yake. Wakati wa Kwaresima maua hayapambi altare, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe kuu na sikukuu. Majilio yana maua, lakini kwa kiasi. Nimewahi kuona familia iliyolipia mapambo makubwa, na asubuhi ya harusi yakahamishiwa pembeni mbele ya macho yao. Huzuni ile ingeepukwa kwa swali moja. Na kwa upande wangu naona kanuni ile ina busara yake hata kwa macho tu: chombo kikubwa juu ya altare kinamziba padre, kinawaziba maharusi, na mpiga picha anahangaika kutafuta uso.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni lile la ndizi. Kulikuwa na harusi ambazo maua yaliingia nyumbani Ijumaa yakiwa imara, na Jumamosi asubuhi yalikuwa yamejikunja, petali zinaanguka, karnesheni zimesinzia. Maji yalikuwa safi, chumba kilikuwa baridi. Baadaye nilisoma, nikaelewa. Matunda yanapoiva hutoa gesi inayoitwa etilini, haina rangi wala huwezi kuisikia puani katika kiwango kile, na gesi hiyo inayaambia maua kwamba wakati wao umekwisha. Nyumba ya harusi kwetu imejaa nini usiku wa kuamkia siku yenyewe? Ndizi mbivu, parachichi, nanasi, maembe ya wageni waliotoka Uvira. Na uani moshi wa makala na kuni unaingia dirishani, nao moshi una etilini hiyohiyo. Tunahifadhi maua stoo pamoja na matunda kwa sababu stoo ndiyo chumba chenye baridi, kumbe tunayazeesha kwa mikono yetu. Sasa ninaomba maua yalale kwa jirani. Jirani yeyote wa Bukavu anakubali ukimweleza ni ya harusi, na wengine huyawekea hata mkeka wa kuyafunika mlangoni jua lisipenye.

Kuhusu Uvira nilijifunza somo jingine. Tuliombwa maua ya harusi kule chini, na mama wa binti alitaka kila kitu kiwe kama alichokiona Bukavu. Barabara inashuka milima hadi bonde la Ruzizi, na Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi tu juu ya bahari. Unaliona joto likikupanda mwilini kadiri gari linavyoshuka. Nilimwomba turudi nyuma kidogo, tuchague maua ya joto: ndege-wa-paradiso, anthurium zenye ngozi ngumu, majani ya mitende, tangawizi nyekundu ya mapambo. Mwanzoni alinung'unika kwamba maua yale yako kwenye uzio wa kila mtu Uvira. Nilimwambia, "Mama, ndiyo sababu. Yamezaliwa kwenye jua hili." Jioni saa tatu, watu wamejifuta jasho hadi leso zimelowa, meza zile zilikuwa zimesimama wima, rangi haijapungua.

Niongee sasa kuhusu keki na watoto, kwa sababu hapa sina mzaha hata kidogo. Katika nyua nyingi za Bukavu kuna yale maua makubwa meupe yanayotazama chini, yenye harufu tamu ikifika jioni, brugmansia. Binti akiyaona anaona gauni la harusi lenyewe. Kila sehemu ya mmea huo ina sumu: ua, jani, mbegu, hata maji yaliyowekewa ua hilo. Loriye-roze, ambayo wengine huiita oleanda, nayo ni sumu nzima, utomvu wake pia. Arumu ninayoipenda ina fuwele ndogo ndani ya utomvu wake zinazochoma mdomo na kuuvimbisha. Mkononi mwa bibi harusi haina shida, lakini nikimaliza kuzifunga ninanawa, na wasichana wanaonisaidia wananawa. Maua haya matatu nisiyaone juu ya keki, hata kama mpishi wa keki anasema ni kwa picha tu. Nimeyatoa mwenyewe kwenye keki, mbele ya kamati, na waliokasirika nimewaeleza. Waridi la dukani nalo limepuliziwa dawa za wadudu huko lilikotoka, si la kuliwa wala la kugusa krimu. Kama keki lazima iwe na ua hai, basi waridi la bustani ya nyumbani ambalo hakuna aliyelipulizia kitu. Watoto wanaobeba maua kwenye kortege wapewe petali za mawaridi hayohayo ya nyumbani, kwa sababu mtoto wa miaka minne, misa ikirefuka, ataonja.

Taa za ukumbini nazo zina neno lao. Zambarau na buluu vikiingia chini ya balbu ya manjano vinazima, na waridi jekundu chini ya zile taa za buluu za dije, mpiga muziki wa ukumbi, linakuwa jeusi. Umeme ukikatika na mishumaa ikawashwa, ni nyeupe na manjano vinavyobaki. Kwa hiyo rangi za giza ninazimaliza kanisani na ziwani, na usiku naleta weupe.

Fedha: kamati nyingi huweka maua mwisho kabisa, baada ya vinywaji, na kilichobaki hutawanywa kwenye meza thelathini, kila meza ikapata maua mawili yanayotia huruma. Ninashauri maua yote yawekwe mikononi mwa bibi harusi, mbele ya altare na kwenye meza ya maharusi. Meza za wageni zipate majani: kangaga, matawi ya mkalitusi, majani mapana ya arumu yenyewe, vitu ambavyo havinunuliwi. Mkalitusi unapendezesha hata harufu ya ukumbi. Kuna aliyewahi kuniuliza kama haitaonekana ni harusi ya maskini. Meza ya kijani iliyopangwa vizuri inaonekana imepangwa, na mgeni anamwona mwenzake aliyekaa ng'ambo.

Na sasa lile jambo ambalo kila mara linarudi: "Arumu ni maua ya matanga." Nimelisikia kutoka kwa mashangazi, kutoka kwa mama wakwe, hata kutoka kwa kijana mmoja aliyekuwa bwana harusi. Sijawahi kulidharau. Kwetu arumu zimefuata majeneza mengi mno, miaka mingi mno, na mtu akiliona ua lile anaweza kuona kaburi. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi aliniita pembeni siku mbili kabla ya harusi.

"Mwanangu, maua haya nilimwekea kaka yangu. Leo niyaone mkononi mwa mke wa mwanawe?"

Nilimwambia, "Shangazi, pole sana. Sitaki uumie siku ya furaha. Nionyeshe ulivyoyaona siku ile."

Akanieleza: yalifungwa duara, na majani ya msunobari, yakalazwa chini. Nikamwomba anipe saa moja. Nilichukua arumu chache changa, mabua marefu, nikayasimamisha pamoja bila msunobari, nikaweka kangaga nyepesi na maua madogo ya mlimau kutoka uani kwao, nikafunga kwa utepe wa manjano wa rangi ya kile kijiti cha katikati. Nikamsimulia kwamba maua ya mchungwa na jamaa zake yamewapamba mabinti wengi wanaoolewa. Malkia Victoria wa Uingereza aliyavaa kichwani siku ya harusi yake, tarehe 10 Februari 1840. Shangazi aliichukua ile bukee, akanusa mlimau, akaigeuza. Kisha akasema, "Kaka yangu ndiye aliyepanda mlimau ule." Asubuhi ya harusi ni yeye aliyeiweka mkononi mwa binti. Kama angeendelea kukataa ningebadilisha maua bila kinyongo, kwa sababu ua limekuja kuwafurahisha watu, na aliyekuwa na kidonda alikuwa yeye.

Mwisho nizungumzie glayeli, kwa sababu ndiyo furaha yangu ya miaka ya karibuni. Glayeli za bustani zina damu ya Afrika. Mmoja wa wazazi wake, Gladiolus dalenii, anaota mwenyewe katika nyanda za juu za bara letu. Zinapandwa kwa tunguu, na kutoka kupanda hadi kuchanua ni miezi mitatu hivi, baridi ikizidi wiki moja au mbili zaidi. Sasa fikiria: mahari ikishapokelewa na tarehe ikishawekwa, mara nyingi miezi mitatu au minne bado ipo. Kwa nini familia isipande maua yake yenyewe? Nililipendekeza kwa familia moja ya Bagira, wana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Papa, baba wa familia, alidhani ni mchezo. Lakini mama na mabinti walipanda, kila tunguu kwenye kina cha kiganja, wakafunga fito kuzuia upepo, wakamwagilia kiangazi kizima kwa bidoni, yaani madumu, kutoka bombani. Papa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita siku rangi ilipoonekana. Glayeli hufunguka kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo tunalikata bua wakati maua mawili au matatu ya chini yameonyesha rangi. Yanayobaki yanafunguka ndani ya maji, na siku ya harusi unakuta bua zima limewaka. Meza ya maharusi haikuhitaji kitu kingine.

Baada ya harusi niliwaomba wasikate majani. Majani yakiachwa yanyauke yenyewe, yanalisha tunguu, na pembeni yake zinazaliwa nyingine ndogo ndogo. Walizichimba, wakazikausha kivulini, ziko kwenye kikapu stoo, mbali na unyevu. Mdogo wake bibi harusi yule anaolewa mwisho wa mwezi wa nane, misa saa tatu, picha ziwani Labotte, ukumbini saa moja jioni. Mama yao amenipigia kuuliza wapande lini. Nimemwambia nusu katikati ya mwezi wa tano, na nusu iliyobaki wiki moja baadaye, ili jua likiziwahisha zile, hizi ziwepo.